Aliyeliliwa Angali Hai

Asubuhi hiyo ilikuwa ya kawaida kabisa. Kaka na dada walikuwa jikoni kwa mama yao wakinywa chai, wakibishana nani ale kipande cha mwisho cha mkate. Nje, mama alikuwa akianika nguo na kuimba chini chini. Jua lilikwishapanda ukutani. Ungewatazama kupitia dirishani ungesema, hawa ni watu waliolala vizuri.

Kaka mtu alikuwa mtengenezaji wa filamu za kutisha. Watu walimwita Bwana Kiza, na jina la nyumbani likasahaulika. Alianzia kwenye kupiga picha za arusi. Siku moja taa zikazimika ukumbini, bibi arusi akaendelea kutembea gizani na shela lake jeupe, wageni wote wakanyamaza kwa pamoja. Ukimya ule ulimkaa rohoni kuliko shangwe zote alizowahi kurekodi. Akaacha arusi. Filamu yake ya kwanza aliitengeneza bila waigizaji, maana hakuwa nao, basi akamchukua mdogo wake huyo wa kike, akampaka unga usoni na kumwambia asipepese macho. Binti akakodoa, akakodoa, mpaka wanaomtazama wakaanza kutokwa machozi wao.

Tangu hapo, kila filamu alikufa yeye. Alikufa maji, alikufa moto, alikufa kwa kuitwa jina lake kisimani. Filamu zikatoka kwenye vibanda vya video zikaingia majumba makubwa ya sinema, na mitaani watu wakamwita Marehemu. Wauzaji sokoni walimtania: "Marehemu, leo umefuata vitunguu?" Naye alicheka, akawajibu kwamba hata kaburini watu wanapika.

Mama ndiye hakucheka. Alikuwa akisema kifo ni kama mgeni mwenye aibu. Ukimkaribisha mara moja atakataa, ukimkaribisha kila siku ataona ni haki yake.

Sasa asubuhi hiyo ya mkate, Bwana Kiza alikuwa na donda moyoni. Filamu yake ya karibuni watu waliicheka. Kwa mtu wa kazi yake, kicheko ni msiba. Waliosema kwa adabu walisema vilio vyake ni vya kuigiza, machozi ya kitunguu. Alikuwa amekesha nalo hilo, na alikuwa amepata dawa yake. Akamweleza mdogo wake taratibu, jicho moja likiwa kwa mama kule nje. Watatangaza kwamba Marehemu amefariki kweli. Jeneza litawekwa sebuleni, kamera zitafichwa nyuma ya mapazia. Majirani watalia machozi yao wenyewe, kisha yeye atainuka.

Binti alizungusha kikombe mezani muda mrefu.

"Na mama?"

"Mama nitamwambia mwenyewe."

Hakumwambia.

Siku ilipofika, mama alikuwa kwa dada yake mkubwa. Alirudi mchana akiwa na kikapu mkononi, akakuta viatu vya watu vimejaa mlangoni kwake. Akavitazama vile viatu. Akaingia. Wanawake wakampisha njia, naye akaliona jeneza, akaona uso uliokuwa ndani yake.

Mlio uliomtoka mama yule, waliokuwepo hawapendi kuusimulia. Haukuwa mkubwa. Ulitoka chini, kama kitu kinachong'olewa na mizizi yake. Mpiga picha, mtu mzima aliyefanya kazi na Bwana Kiza miaka mingi, alishusha mikono kutoka kwenye kamera. Bwana Kiza akamwashiria aendelee.

Ilikuwa binti ainuke pale pale. Hakuinuka. Mama alilia mpaka sauti ikakauka, na binti amelala tu, hata kifua hakisogei. Alipokaa kitako hatimaye, watu walitawanyika kama kuku, wengine wakacheka kwa kuona haya. Mama akamzaba mwanawe wa kiume kofi moja, akaenda zake chumbani.

Walipoondoka, ndani ya gari, binti alimnong'oneza kaka yake.

"Nilitaka kuinuka mapema. Kuna kitu kilinilalia."

Filamu ikavunja rekodi zote. Watu walikwenda kuutazama ule mlio wa mama, wakatoka wameshikana mikono. Bwana Kiza akapewa tuzo, akapigwa picha, akahojiwa. Wakati wa kupiga picha zile mdogo wake alisimama pembeni yake, lakini magazetini Bwana Kiza alitokea peke yake. Alidhani wamemkata mdogo wake tu ili nafasi itoshe.

Kisha zikaanza pole.

Wa kwanza alikuwa fundi viatu wa pale kona. Kaka na dada walikuwa wakipita, bega kwa bega, fundi akaacha sindano yake na kusimama. Akampa Bwana Kiza mkono na kumwambia amesikia habari za dada, poleni sana. Bwana Kiza akacheka, akasema si huyu hapa. Fundi akatazama pale alipoonyeshwa. Akarudisha macho kwa Bwana Kiza, taratibu, kwa huruma.

"Jikaze, ndugu yangu. Ndiyo dunia."

Wakadhani ni utani wa filamu. Lakini kesho yake kinyozi akatoa pole, na muuza magazeti, na watu ambao hawajawahi kukanyaga sinema. Sokoni hakuna aliyeita tena Marehemu. Binti alisimama mbele ya meza ya vitunguu akiuliza bei, na muuzaji akawa anafukuza nzi.

Jumapili walikula kwa mama. Mama akapakua wali, sahani ya mwanawe, na sahani yake. Akafunika sufuria.

Bwana Kiza akauliza, na mdogo wangu? Upawa ukabaki umesimama mkononi mwa mama.

"Mwanangu," alisema, "mpaka lini?"

Binti alikuwa amekaa hapo hapo, mikono juu ya meza. Akamwinamia kaka yake sikioni.

"Hanijibu tangu wiki iliyopita. Nilidhani bado ana hasira."

Bwana Kiza alimpigia mama magoti. Akamweleza kwamba ulikuwa mchezo, kwamba binti aliinuka, kwamba yeye mwenyewe alimwona akiinuka. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia, bila ukali wowote, kwamba kilio cha mtoto ni kimoja tu, na chake kilishatoka chote siku ile. Alishazika. Machozi hayarudi machoni.

Basi Bwana Kiza akafanya alilolijua. Kilichochukuliwa na filamu, aliwaza, filamu itakirudisha. Akamwita mpiga picha wake, wakafungua madirisha yote ya jikoni, jua likaingia. Hakukuwa na unga usoni wala muziki wa kutisha. Alitaka binti ale tu, aongee, acheke, watu wamwone yu hai. Mpiga picha alichungulia kwenye kamera muda mrefu.

"Tunapiga nini, mkubwa?"

"Mpige yeye."

"Sawa, mkubwa."

Akapiga, lakini hakuchungulia tena kwenye kamera. Bwana Kiza hakutaka kujua kwa nini.

Akaalika mtaa mzima kwenye sinema, maonyesho ya mchana, bure. Mama akaja, akaketi mbele na mkoba wake mapajani. Binti alikaa karibu na kaka yake. Picha ikaanza: jikoni, jua, na yeye akitabasamu huku akivuta sahani. Bwana Kiza akashusha pumzi kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Binti alikuwa mzuri. Alikuwa hai.

Mtu mmoja akainuka. Akafuata mwingine. Mama mmoja akamfunika mwanawe macho kwa kanga na kumbeba. Hakuna aliyepiga kelele. Walitoka haraka, bila kutazamana, kama watu wanaotoka kwenye nyumba inayovuja gesi.

Bwana Kiza alimkamata mpiga picha mlangoni.

"Wameona nini?"

Yule mtu hakuinua macho.

"Kiti, mkubwa. Kiti na sahani. Na wali ukipungua."

Akarudi ndani. Ukumbi ulikuwa mtupu, ila mama kule mbele, na mdogo wake pale alipomwacha.

"Kaka. Wewe bado unaniona?"

"Nakuona."

Hakusema uongo. Alimwona. Ila aliona pia namba ya kiti, iliyoandikwa nyuma ya mgongo wake, ikionekana kupitia kifua chake.

Hakutengeneza filamu tena. Alikaa naye nyumbani kwa mama, kwenye kiti cha kumwelekea, akimtazama. Alimtazama akila, akamtazama akisinzia. Aliogopa kupepesa macho. Macho yakawa mekundu, yakavimba. Binti alizungumza kidogo kidogo, kisha midomo tu ikawa inacheza. Mchana mmoja gari lilipiga honi barabarani. Bwana Kiza akageuza uso, mara moja tu, kama mtu yeyote angefanya.

Alipourudisha, kulikuwa na kiti tu.

Aliita. Alipapasa hewa pale kitini mpaka jua likahama ukutani. Mama akaja akamshika mabega, akamketisha, akamlisha kwa mkono wake kama mtoto.

Wakaishi hivyo, wawili. Hakuna mgeni aliyekuja, maana mtaa uliwakwepa.

Halafu siku moja, baada ya chakula cha mchana, mama alisinzia kwenye kiti chake barazani. Bwana Kiza alikuwa uani akifagia. Akamsikia akimwita, kwa sauti ndogo. Akaenda.

Mama alikuwa ameshika kichwa kwa mikono yote miwili. Nywele zake za mvi, ambazo binti yake ndiye aliyekuwa akizisuka, na ambazo aliziacha timutimu tangu siku ya jeneza, zilikuwa zimesukwa. Mistari ilikuwa imenyooka, imekazwa vizuri, na mafuta bado mabichi yaking'aa katikati ya njia.

"Nani amenisuka?" alinong'ona.

Bwana Kiza akazunguka nyuma yake kutazama. Karibu na sikio la kushoto, msuko mmoja ulikuwa umefika nusu. Nywele zilizobaki zilikuwa zimegawanywa mafungu matatu, nayo yalisimama hewani, yamevutwa, kama bado yameshikwa.