Waya wa Pili wa Mwangangi

Mwangangi wa Kaloleni alikuwa dereva wa lori aliyejua kila kitu, isipokuwa kunyamaza. Mkewe, Kamene, alifundisha kompyuta katika vyumba viwili vilivyotazamana, ua katikati. Kila chumba kilikuwa na swichi, yaani kisanduku cha kuunganisha kompyuta. Waya mmoja ulivuka ua na kuziunga swichi hizo.

Mwaka huo, 1999, Kamene alimfundisha Ayuma, binti wa Masinde. Masinde alikuwa amemwombea bintiye kazi ya ukarani katika kiwanda alikofanya kazi. Meneja akasema, "Alete cheti kabla ya mwisho wa mwezi. La sivyo, nampa mwingine."

Siku ya mtihani ikafika.

"Mwalimu, hii mashine inajikokota," Ayuma akalalamika.

"Watu wengi, waya mmoja," akadakia Mwangangi. "Mfereji ukitoa maji kidogo, si tunavuta mpira wa pili?"

"Baba Ndindi, usiguse," Kamene akamkanya mumewe. "Tumngoje Benta."

"Benta ni fundi. Mimi ni sufuria?"

Akavuta waya wa pili, akauchomeka katika swichi zote mbili. Kompyuta zote zikaganda. Msimamizi wa mtihani alingoja, akatazama saa, akafunga mkoba wake, akaenda zake.

Benta, jirani yao, alikuwa fundi wa kufunga mitandao ya ofisi mjini. Alipotoka kazini aliuchomoa ule waya. Kompyuta zikaamka.

"Umetengeneza mzunguko," akasema. "Ujumbe unapita waya huu, unarudi kwa ule, unazidi kuongezeka mpaka njia inajaa. Maji hayana tabia hiyo, Baba Ndindi."

"Kwa hivyo nyaya mbili ni makosa?"

"Hapana. Lakini kwanza swichi ziambiwe kwamba nyaya hizo mbili ni njia moja. Hizi zenu haziambiliki, kama wewe mwenyewe."

Kamene hakucheka. "Nasikia kuna swichi zinazobebana."

"Zipo. Unaziweka moja juu ya nyingine, unaziunga kwa waya wake maalum, mfupi. Zinakuwa kama swichi moja kubwa. Ukipanga moja, umepanga zote. Lakini ziwe za aina moja, na zikae pamoja. Hizo zinafaa chumba kimoja chenye kompyuta nyingi. Ninyi mna ua katikati. Tafuteni swichi mbili zinazoambilika, tufunge nyaya mbili ziwe njia moja. Kompyuta zitagawana nyaya. Na mmoja ukikatika, mwingine unaendelea."

Kamene akauza cherehani yake. Swichi mpya zilipofika, Benta alizipanga zote mbili kwanza, zijue nyaya mbili ni njia moja. Ndipo akachomeka waya wa pili.

Mtihani ulirudiwa muhula uliofuata. Katikati ya mtihani, mbuzi wa jirani akatafuna waya mmoja pale uani. Ndani hakuna aliyejua. Hakuna kompyuta iliyoganda. Wanafunzi wote walimaliza, na Ayuma akapita vizuri kuliko wote.

Alikuja kuchukua cheti akitoka soko la Gikomba, furushi la mitumba begani.

"Hongera, binti!" Mwangangi akampokea kwa kelele. "Umeona mtandao wetu? Hata mbuzi ameshindwa! Sasa kule kiwandani..."

"Walishamwandika mwingine, Baba Ndindi."

Ayuma alikunja cheti, akakichomeka kati ya nguo. Kisha akatoa shati moja, akalipima kwenye mabega ya Mwangangi.

"Hili linakutosha. Utanunua?"

Mwangangi akanyamaza.