Utashika Mkasi au Utashona Vifungo?

Cherehani ya Mama haikunyamaza tangu asubuhi. Alikuwa anashona koti, na huku anaimba. Koti halikuwa la mteja. Lilikuwa la binti yake: kitambaa kizito cha buluu, kola ya kusimama, bitana laini inayoteleza.

Mtaa mzima ulijua kwa nini Mama anaimba. Binti yake alikuwa amemaliza masomo ya uhandisi wa mawasiliano, yaani ile elimu ya kufanya simu ziite na mtandao ushike. Sasa kampuni mbili zilikuwa zinamtaka kwa pamoja. Ya kwanza ilimwita Meneja wa Mnara, tena kwa mshahara mnono na gari la kazi. Ya pili ilimwita mhandisi mwanagenzi. Gari hakuna, na mshahara wa kuanzia ulikuwa mwembamba.

Mama alisikia neno "Meneja" tu. Lile jingine liliingia sikio hili likatokea lile. Siku hiyohiyo muuza nyanya akajua. Muuza mkaa akajua. Hata mteja aliyekuja kupunguza suruali aliondoka anajua.

"Meneja! Njoo nikupime mabega," Mama aliita.

Binti alikuja, akanyoosha mikono. Hakucheka.

"Mama, mimi sijaamua bado. Na wote wanataka jibu kesho."

"Kuna cha kuamua hapo? Umesoma mpaka macho yakadai miwani, halafu uitwe mwanagenzi? Watu wataniuliza nini?"

Baba, fundi bomba, alikuwa mlangoni anavua viatu vyenye tope. "Watakuuliza hilo koti la nani," alisema. "Mke wangu, leo umeshona kabla ya kupima."

"Wewe niachie, nenda na mabomba yako!"

Wakacheka wote. Lakini kicheko cha Mama kilikatika njiani. Mtoto akikikataa cheo leo, akikosa na kingine kesho, je? Nani atamrudishia?

Mara hodi ikapigwa. Alikuwa Mama Nyaya, mhandisi wa simu wa siku nyingi. Mtaa ulimpa jina hilo kwa sababu mkoba wake haukosi nyaya. Alikuwa amefuata gauni lake.

"Karibu, shoga. Gauni liko tayari. Hebu msalimie Meneja wangu!"

"Shikamoo, shangazi," binti alisema.

"Marahaba, mwanangu. Meneja wa nini?"

"Wa Mnara!" Mama akadakia.

"Hongera. Utasimamia watu gani?"

Binti alitazama chini. "Hakuna watu, shangazi. Ni mimi na mlinzi."

"Na kutwa utafanya nini?"

"Nitaangalia kama jenereta lina mafuta, betri ni nzima na uzio haujakatwa. Nikiona taa nyekundu, nawapigia simu wahandisi wa makao makuu. Wao ndio wanaoshughulikia mtandao wenyewe."

"Na huko kwenye uanagenzi?"

Uso wa binti ulifunguka. "Huko nitakaa na wanaopanga mtandao! Mnara usimame wapi, utazame upande gani, mawimbi ya mnara huu yasigongane na ya ule."

"Shoga, usinipotezee mtoto," Mama alisema. "Na gari, je?"

"Gari ni zuri. Na pesa siidharau hata kidogo. Kama nyumba hii ina njaa, achukue yenye pesa leo, akishashiba atafute nyingine. Ina njaa?"

"Njaa hakuna," Baba alijibu. "Kuna mke anayependa sifa tu."

Mama Nyaya alicheka mpaka akaketi. Kisha akamgeukia binti. "Jina la kazi liache kwanza. Jiulize, miaka ikipita, mikono yako itakuwa inajua nini? Mitambo ya simu hubadilika. Anayefundishwa hubadilika nayo. Asiyefundishwa anabaki ameshika cheo, na mitambo imeshamwacha. Waulize wote wawili: nani atanifundisha? Nitagusa mitambo gani? Na aliyekuwa na kazi hii kabla yangu, sasa yuko wapi?"

Mama alikuwa amebana kifungo midomoni. Akakitoa, akakitazama.

"Vifungo," alisema polepole.

"Unasemaje, Mama?"

"Nilipoanza kazi usichanani, fundi mmoja aliniita Msaidizi Mkuu. Nikavimba kichwa hicho! Kumbe kazi yenyewe vifungo. Asubuhi vifungo, jioni vifungo. Mkasi sikuugusa. Nikahamia kwa bibi mmoja. Kwake nilianza kwa kufagia vipande vya nguo, lakini mkasi alinipa. Na ushonaji ni kukata, mwanangu. Asiyejua kukata si fundi." Akamwelekezea binti kile kifungo. "Huko kwa umeneja, utashika mkasi au utashona vifungo?"

"Vifungo, Mama. Vifungo vitupu."

"Msikisie," Mama Nyaya alisema. "Pigeni simu."

Wote wanne wakabanana dirishani, maana ndani ya nyumba ile mtandao ulishika hapo tu. Binti aliziomba kampuni zote mbili namba za watu waliotangulia kwenye kazi hizo. Meneja wa Mnara aliyekuwepo alipokea kwa sauti ya ukarimu.

"Dada, nilianza hapa nina nywele kichwani! Mshahara haucheleweshwi, siwezi kusema uongo. Sasa nahamishiwa mnara mwingine. Kazi ni ileile, uzio ndio mpya. Juzi niliomba kazi kwingine, wakanipa mtihani. Niliutazama kama mgeni aliyepotea njia."

Wa pili alikuwa dada mwenye haraka. "Mwanagenzi wa mwisho ni mimi. Sasa napanga mtandao wa mji mzima, na ukija mimi ndiye nitakayekufundisha. Ila jiandae. Kazi chafu nitakurudishia."

"Mrudishie!" Mama alipaza sauti kwenye simu. "Mrudishie mpaka akome!"

Binti aliijibu kampuni ya pili kwamba anakubali. Ya kwanza akaishukuru na kuikatalia kwa adabu. Na kabla hajatia saini, aliomba mafunzo yale yaandikwe kwenye mkataba, kama Mama Nyaya alivyomshauri. Yakaandikwa.

Koti nalo halikutupwa. Mama alilifumua ubavuni, akalitia mifuko mikubwa ya vifaa.

"Meneja hajambo?" muuza nyanya aliuliza.

"Amejiuzulu kabla hajaanza!" Mama alijibu, akacheka kwanza yeye. Tangu hapo, mzazi akija kushona nguo za mtoto aliyepata kazi, Mama humuuliza lile swali la mkasi kabla hajashika tepu.

Siku moja alikuwa anakanyaga cherehani, mbali na dirisha. Simu ikalia palepale mezani, ndani kabisa, mahali ambapo haijawahi kulia.

"Mama, leo nimekata!"

"Umekata nini? Kidole?"

"Mnara mpya, Mama, ule wa nyuma ya soko! Nimeupanga mwenyewe, na sasa hivi tumeuwasha. Uko wapi? Uko dirishani?"

Mama alilitazama dirisha, akaitazama simu mkononi.

"Niko kwenye cherehani, mwanangu," alisema. "Nimekaa."