Mkate Ulioanguka Kwenye Jibini

"Amembusu! Zuleha, nakwambia amembusu! Na kama hajambusu basi alikuwa anaenda kumbusu, na kwangu mimi ni kilekile!"

Gwantwa aliruka kwenye kiti kama aliyekalia jiko, rasta zikamponyoka Zuleha mkononi. Nusu ya kichwa ilikuwa imeshasukwa, imelala vizuri, inang'aa. Nusu nyingine ilikuwa imesimama wima kama kichaka.

"Kaa chini shoga, utaning'oa vidole. Nani kambusu nani?"

"Isaka wangu! Huko Uswisi! Angalia mwenyewe!"

Basi Zuleha akaacha kusuka. Ilikuwa Jumapili, saa nane mchana, saluni kwake Tunduma, malori ya kuvuka kwenda Zambia yamejipanga barabarani mpaka basi. Chini ya draya alikaa mteja mmoja wa kutoka Nakonde, upande wa pili wa mpaka, mama mnene mwenye heshima zake, naye akatoa kichwa kwenye draya ili asipitwe.

Jamani, mjue kwanza. Harusi ya Gwantwa na Isaka ilikuwa mwezi wa tatu. Mahari ilishapokelewa, sare za kamati zilishakatwa. Katikati hapo dada yake Isaka, Diana, aliyeolewa na Mswisi anaitwa Markus, akawaita baba, mama na Isaka waende wakaione theluji kabla ya shughuli. Wiki mbili. Kesho yake, Jumatatu, ndiyo walikuwa wanapanda ndege kurudi.

Mwanzoni Gwantwa alifurahi kweli. Diana alikuwa anarusha status kila saa. Zurich, hoteli yenye shuka nyeupe hadi unaogopa kuzilalia. Luzern, mama mkwe amevaa makoti mawili na kitenge juu yake. Treni inapanda mlima kama inakwenda kwa Mungu. Gwantwa alikuwa anaonyesha ofisi nzima: "Huyo ni mama mkwe wangu huyo, mwoneni!"

Mpaka siku ya nne, kwenye picha akatokea koti jekundu.

Siku ya nne lilikuwa pembeni, nusu tu ya bega. Siku ya sita likawa nyuma ya Isaka. Siku ya nane likawa ubavuni kwake, mezani, wanakula viazi vilivyokwanguliwa vikakaangwa kama chapati. Na ndani ya koti alikuwa Angel. Angel yule yule wa chuo Mbeya, aliyekuwa na Isaka miaka miwili kabla ya Gwantwa! Kumbe siku hizi yuko hukohuko Uswisi, analea watoto wa watu.

"Ni rafiki wa dada Diana," Isaka alijibu alipoulizwa. "Mimi mwenyewe nimemkuta huku."

Gwantwa akasema sawa. Ila usingizi ulimwisha tangu siku hiyo.

Sasa leo ndiyo video. Meza ya mbao, katikati sufuria ya jibini lililoyeyushwa, chini yake kimoto. Kila mtu ana uma mrefu, anachomeka kipande cha mkate, anachovya, anakula. Isaka akachovya. Mkate ukamponyoka, ukazama. Meza nzima ikapiga kelele, na sauti ya Diana ikasikika ikicheka:

"Sheria ya huku! Ukiangusha mkate unambusu uliyekaa naye! Isaka, haya!"

Na aliyekaa naye ni koti jekundu. Isaka akainuka... video ikaisha. Chini Diana ameandika: *Kilichofuata siwaambii* 😘

"Awe, mayo!" mama wa Nakonde akaita mama kwa lugha ya kwao, akashika mashavu.

"Imekatwa hii," Zuleha akasema. "Wifi yako ana mkasi mkali kuliko wangu. Mpigie mwanaume."

Akapiga. Ikakatwa. Akapiga tena. Ikakatwa. Ujumbe ukaingia:

*Mpenzi usipige sasa. Nitakupigia mimi.*

Akaandika: *Isaka toka nje unipigie sasa hivi.*

*Sawa natoka.*

Dakika tano. Kumi. Akapiga mwenyewe: simu imezimwa.

"Amezima! Zuleha, amenizimia simu! Na juzi hivyohivyo, na majuzi. Kila nikipiga anakata, akisema anatoka nje anazima!"

"Tulia, usije ukafanya jambo ukajutia."

"Nitulie? Sare zimekatwa! Mama yangu ameshaalika Itumba nzima! Nikaolewe na mtu anayebusu mabusu ya sufuria?"

"Basi mpigie mama mkwe. Mama hawezi kudanganya, ana aibu ya kanisa."

Hapo ndipo alipoteleza binti wa watu.

Kwao Isaka, milimani Ileje, mambo ya mkwe si ya kuchezea. Mahari ikishapokelewa, binti hamtazami baba mkwe usoni, haongei naye, wala jina lake halitaji, hadi siku baba mwenyewe atakapotoa ng'ombe wa kufungua uso. Na ng'ombe huyo wengine humsubiri miaka. Gwantwa pamoja na diploma yake alikuwa ameshika hilo kisawasawa. Akimwona mzee kwa mbali sokoni anaingia duka lolote lililo wazi, siku moja aliingia kinyozi. Kwaya ikimpangia kusoma kitabu cha yule nabii mwenye jina linalofanana na la mzee, anabadilishana zamu na mwenzake. Kosa hapo linapeleka jambo kwa wazee, na wazee wakikaa harusi inasogezwa mbele, au inakufa kabisa.

Lakini wivu ukishapanda kichwani nani anakumbuka? Akabonyeza simu ya mama mkwe. Ya video.

Ikapokelewa. Skrini ikajaa pua. Pua kubwa, ya kiume, na chini yake masharubu meupe yenye tone la jibini.

"Haloo?" pua ikasema. "Haloo, mama Diana yuko pale kwenye sinki anaosha vyombo, mimi nimebonyeza tu..."

"MZEE YESAYA!" Gwantwa akapiga ukelele.

Uso, sauti, na jina. Yote matatu kwa mpigo! Na kichwa chenyewe nusu kimesukwa nusu kichaka.

Upande wa pili kukasikika *plup*, kisha kiti kikaanguka. Simu ikalala kwenye meza ikitazama dari la mbao. Gwantwa akajifunika kitambaa cha saluni akakaa sakafuni.

"Nimekwisha, Zuleha. Nimekwisha. Hakuna harusi."

"Usikate!" Zuleha akamnong'oneza. "Sikiliza."

Sauti ya mzee ikatoka, sasa ikiwa mbali, kama anaongea na ukuta. Na kweli alikuwa amegeukia ukuta.

"Mama Diana! Njoo huku. Nimemwona mkwe."

"Umemwona wapi, baba Diana? Tuko Uswisi!"

"Kwenye simu yako! Muulize kuna msiba gani huko mpaka anipigie."

Sura ya mama mkwe ikaingia, mikono inachuruzika maji. "Gwantwa, mwanangu! Kuna nini?"

"Mama, shikamoo. Nisamehe mama. Mimi..." machozi yakamtoka. "Nilikuwa namtafuta Isaka. Hapokei. Na nimeona video amembusu Angel."

"Amembusu nani?"

Kisha sauti nyingine, ya kike, ikaja karibu. Koti jekundu likaonekana.

"Dada Gwantwa, ni mimi Angel. Naomba unisikilize. Mimi niliambiwa mmeachana. Tangu Krismasi. Wifi yako ndiye aliyeniambia, akasema njoo tutembee wote, kaka yangu ana huzuni."

"Diana?" mama akageuka polepole.

"Nilikuwa nachangamsha tu, mama..." Diana akajibu kutoka pembeni, sauti nyembamba.

"Uchangamfu wa kuvunja harusi ya mdogo wako!"

"Angel anapajua huku, mama! Isaka angepata maisha huku! Gwantwa atampa nini, malori?"

"Atampa mke!" Zuleha akajibu kutoka Tunduma kwa sauti ya juu, na mama wa Nakonde akapiga makofi.

"Mimi sikubusiwa," Angel akaendelea. "Isaka aliinuka, akazunguka meza nzima, akambusu mama yake kwenye paji. Mimi niliachwa na shavu langu hapa. Nikajua kuna kitu nimedanganywa."

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo, upepo ukavuma kwenye simu. Isaka akaingia, kofia imejaa theluji, ameshika simu kama ameokota ndege aliyekufa.

"Imezima tena! Mama, hii baridi inaua betri, nikitoka tu inazima... Huyo ni nani? Gwantwa?"

"Isaka, mbona ulikuwa unanikatia?" Gwantwa akachungulia kutoka kwenye kitambaa, jicho moja.

"Mpenzi, chumba ni hiki kimoja! Tangu tupande huku mlimani tunalala wote sita, vitanda kule, meza hapa, na baba yuko hapo kwenye jiko la kuni, haondoki, baridi inamwonea. Nikipokea, sauti yako inamfikia baba. Nikienda nje, simu inakufa. Ningefanyaje? Nilikuwa nakulinda wewe!"

Gwantwa akakishusha kile kitambaa usoni. Siku zote anajificha kwa kinyozi asikutane na mzee, na leo ameshindwa kuwaza kwamba mwenzake anamfichia hukohuko ng'ambo.

"Ungeniandikia," akasema kidogokidogo.

"Ningeandika. Nimekosa hapo. Dada, rusha video nzima. Sasa hivi, ninakuangalia."

Mzee akakohoa. Zuleha akazima draya ya saluni ili wasikie.

"Mama Diana," mzee akasema, mgongo bado ameuelekeza kwenye simu. "Mwambie huyo binti kwamba nimesikia sauti yake."

"Baba yako anasema amesikia sauti yako," mama akarudia, ingawa kila mtu alisikia.

"Mwambie na jina langu amelitaja. Vizuri tu, hajalikosea."

Gwantwa akajifunika tena.

"Mwambie mimi nina miaka sabini na mbili. Nimepanda treni mpaka juu ya mlima, nimekula maziwa yaliyoganda kwa uma wa kuchomea nyama. Baada ya hayo, uso wa mkwe hauwezi kuniua. Nikifika nyumbani, ng'ombe wa kufungua uso anatoka zizini, kabla ya harusi. Wazee nitaongea nao mwenyewe. Na Diana atakuja mwezi wa tatu kupika kwenye shughuli. Kupika, siyo kupiga picha."

Mama mkwe akapiga kigelegele palepale, na Zuleha akampokea kutoka Tunduma. Isaka alikuwa anacheka na machozi. Angel naye akacheka, masikini, akivua koti jekundu akaliweka mbali kabisa na Isaka.

Ndipo Markus, aliyekuwa akila tu muda wote, akanyoosha kidole kwenye sufuria.

"Baba," akasema kwa Kiswahili chake cha kupima. "Mkate. Ulipoona simu, uliangusha."

"Niliangusha nini?"

"Mkate wako. Umezama. Sheria ni sheria."

"Sheria gani hiyo mbele ya mkwe?"

"Aliyekaa na wewe ni mama."

"Baba Diana, usithubutu!" mama mkwe akasema, lakini hakusogea hata hatua moja.

Simu ikayumba, ikaonyesha dari, ikaonyesha bega la mzee likigeuka... ikakatika.

"Aaaaa!" saluni nzima ikalia.

Gwantwa akarudi kwenye kiti, akatoa kichaka chake kisukwe. Status ya Diana ilishabadilika: video nzima, Isaka akizunguka meza, na chini neno moja tu, *Samahani wifi*. Kisha simu ikatetemeka mapajani.

*Mpenzi nimeichajia hapa karibu na jiko. Nakupenda. Baba amekataza nisiandike kilichotokea, anasema mambo ya wazee hayawekwi kwenye simu. Nitakwambia keshokutwa tukitua, hapo uwanja wa ndege, kwa mdomo.*

"Keshokutwa!" Zuleha akavuta rasta kwa hasira. "Yaani nilale na hili mpaka keshokutwa?"

"Nitapita hapa keshokutwa jioni," Gwantwa akasema, akijitazama kwenye kioo kwa mara ya kwanza siku hiyo bila kununa. "Nitakusimulia yote, na busu lenyewe nitakuonyesha kwa mfano."