Punje ya Sita

Kila asubuhi kengele ya shamba la chai ilipolia, baba yake Bitutu alijitwika kikapu na kwenda kuchuma. Bitutu naye aliteka maji mtoni, akamnawisha mdogo wake Nyaberi, kisha akakimbia shuleni. Shule ilikuwa kanisa la nyasi lililo juu ya kambi ya wafanyakazi, upande wa Kericho. Ulikuwa mwaka wa 1934.

Siku hiyo alikwenda amefumba ngumi. Ndani ya ngumi mlikuwa na punje tano za mahindi, nazo zilimwogopesha kuliko nyoka.

Jana yake Mwalimu Ogeto, ambaye hakupenda kuanza hesabu kwa ubao, alikuwa amesema, "Kesho kila mmoja aje na punje moja kwa kila mtu anayelala kwenu. Tutaanzia hapo."

Wenzake walifurahi. Bitutu aliogopa. Huko kwao Kisii nyanya yake alimwonya mara nyingi: watu hawahesabiwi. Ukiwahesabu, kifo kinasikia, kinakuja kuchukua mmoja. Na asubuhi hiyo Nyaberi alikuwa ameamka mwili ukimchoma kama jiwe la mekoni. Basi Bitutu akatoa punje ya baba, ya mama, za kaka zake wawili na yake mwenyewe. Hao wana nguvu, aliwaza. Kifo kitaanza na mdogo. Ya Nyaberi hakuitoa.

"Mbona hufungui ngumi?" Owino alimcheka darasani. "Au umezitafuna njiani?"

Bitutu alimwaga punje zake. Watoto walipanga chungu nzima kwa makumi.

"Tisini na nne, Mwalimu!" Owino akapaza sauti.

Mwalimu Ogeto alizitia mfukoni moja moja. "Sasa mjue kwa nini tumeanza hivi. Homa imeingia kambini. Dresa, yule mtoa dawa wa shamba, anakuja adhuhuri, na dawa ni kidogo. Atagawa kwa punje hizi. Asiye na punje hana dawa."

Bitutu aliutazama mfuko wa Mwalimu. Akisema, kifo kitasikia. Asiposema, Nyaberi atakosa dawa. Aliomba kimoyomoyo, "Bwana, nifungue kinywa," akasimama.

"Mwalimu, nimedanganya. Kuna mtoto nyumbani. Nilimficha."

"Umemficha?" Owino alisema. "Kwani ni mbuzi wa wizi?"

"Nyamaza, Owino. Baba yako huwahesabu ng'ombe wake mbele ya watu?"

Owino aliinama. "Hapana, Mwalimu. Ni mwiko."

"Haya basi." Mwalimu alichuchumaa mbele ya Bitutu. "Wazee hawahesabu ng'ombe, lakini jioni humjua aliyepotea. Humjuaje?"

"Huwaita mmoja mmoja kwa jina."

"Nawe niitie jina lake tu."

Bitutu aliutazama mlango muda mrefu, kama anayengoja mgeni mbaya. "Nyaberi," akanong'ona. Mwalimu akatia punje ya sita.

Adhuhuri dresa alimnywesha Nyaberi dawa chungu. Mtoto akaitapika, akanyweshwa tena. Kwa siku tatu Bitutu hakula vizuri. Kila mara mtoto alipokohoa, alidhani kifo kimefika kufuata jina lile. Siku ya nne Nyaberi alinyonya akashiba, akarusha miguu. Mama akapiga magoti hapo hapo kando ya moto, akamshukuru Mungu kwa machozi.

Jioni hiyo Mwalimu Ogeto alikuja kuwajulia hali.

"Mimi pia nilikosa," alimwambia Bitutu. "Nilianza somo bila kuuliza mnaogopa nini. Lakini wewe, mwanangu, shika neno hili. Kuogopa si dhambi. Ukiogopa, sema, usiifunike hofu kwa uongo. Homa ilikuwa imeshamwona Nyaberi, hata bila punje. Ambaye hakuwa amemwona ni dresa."