Ufunguo wa Pili

Mashine ya Farouk, fundi wa funguo za magari, ilisema gari lina funguo mbili, na hapo ndipo Lornah alipoanza kukosa subira. Ufunguo ulikuwa mmoja tu, huo mpya wa rimoti alioununua mjini kwa sababu wa kwanza ulipotea wakati wa matanga ya mumewe, Oduor.

"Futa," alimwambia fundi.

"Nimefuta mara tatu, Mama Winny. Nikisajili yako, hiyo ingine inarudi, na gari inakataa yako."

Ilikuwa saa saba mchana, uani kwake, mtaa wa Manyatta. Kwenye kiti cha nyuma Winny, mtoto wa miaka sita, alikuwa amejikunja akilia kwa maumivu ya mifupa. Ugonjwa wa selimundu ulikuwa umemkamata tangu asubuhi. Mwaka jana walichelewa kufika hospitalini, nusura wampoteze. Pikipiki haingeweza kumbeba katika hali hiyo, na teksi ilikuwa "nafika sasa hivi" tangu saa tano.

Milango ikajifunga yenyewe, tii, kisha ikajifungua, tii. Kwenye matundu ya hewa ya gari ikatoka harufu ya udongo mbichi, kama wa kaburi lililochimbwa asubuhi hiyo hiyo.

Farouk akashusha sauti. "Ile ufunguo ya kwanza ilipotelea wapi?"

Lornah akampigia Zadock, ndugu ya Oduor, kule Pap Onditi walikomzika wiki tatu zilizopita. Akamuuliza kuhusu ufunguo.

"Shemeji, niliweka kwa mfuko ya suti yake kabla tufunge sanduku. Mtu akipenda kitu hivyo, utamnyima aje?"

"Na hukuniambia?"

"Ungekataa."

Farouk alipoambiwa, aliweka mashine chini. "Bismillahi. Hii si mambo ya waya. Huko ni mbali sana, haiwezi kusikika hapa. Kuna mtu ameishika. Ongea na yeye, pole pole."

Lornah hakuwa na pole pole iliyobaki. Aliinama kwenye dirisha la dereva, na hasira yote ya wiki tatu, ya waombolezaji waliokula wakaondoka, ya usiku wa kukesha na mtoto peke yake, ya teksi isiyofika na shemeji asiye na akili, ikamtoka kwa mkupuo mmoja: "Baba Winny, mtoto ni wako pia. Hata ukiwa hai ni mimi nilikuwa nakimbia na yeye. Kama hutaki kuniachia gari, basi mpeleke wewe."

Mashine ikalia.

"Imekuwa moja," Farouk alinong'ona.

Lornah akashusha pumzi, akabonyeza rimoti yake. Kimya. Akabonyeza tena.

"Mama Winny," Farouk alisema, macho kwenye kioo cha mashine, "iliyofutwa ni yako."

Milango ikajifunga, vioo vikapanda, injini ikawaka bila mtu, na Lornah akaurukia mlango wa nyuma, akaung'ang'ania huku akigonga kioo na kuita jina la mwanawe, naye Winny, ambaye sasa halii tena, ameketi wima na mkanda umefungwa, anatazama kiti kitupu cha dereva na kuitikia kwa kichwa, gari likitoka getini taratibu, likikwepa mashimo kama Oduor alivyozoea kuyakwepa, mpaka vidole vya Lornah vikaachia akaanguka.

Lilipofika barabara kuu likasimama. Hospitali iko kulia. Taa ya kushoto, upande wa kwenda Pap Onditi, ikaanza kuwaka na kuzima.