Mkanda wa Mwisho wa Bubu

Jua lilikuwa linazama kijana alipofika kwenye sinema alikofanya kazi marehemu baba yake, kuchukua mkanda mmoja tu wa filamu. Kesho jengo linabomolewa. Wenye suti walihutubia sana kuhusu urithi; hakuna aliyeleta hata sanduku la kuokolea mikanda.

Shangazi yake alibaki mlangoni. Magoti yake hayakutaka ngazi za kwenda chumba cha projekta.

"Ukimaliza kuutazama, zima taa ya projekta ndipo uurudishe nyuma. Baba yako hakuwahi kuurudisha taa ikiwaka."

"Kwa nini?"

"Nilimuuliza. Akaniambia nikapike."

Mkanda ulinuka soksi chafu. Mchekeshaji wake mtaa mzima ulimwita Bubu, maana filamu za enzi zile hazikuwa na sauti. Nakala nyingine zote ziliungua. Mikanda ile ikisimama mbele ya taa hushika moto. Ulibaki huu.

Akazungusha mpini wa projekta. Kwenye kitambaa cheupe kule ukumbini, Bubu akateleza, akaketi ndani ya ndoo, akainuka na heshima zake zote kama waziri. Akaingia mlangoni. Mwisho.

Hapo ndipo baba alipokuwa akicheka hadi machozi. Yeye hakuhisi kitu. Tangu mazishi hajalia, hajacheka. Ganzi tupu.

Chumba hakikuwa na taa nyingine. Kuizima aliona upuuzi. Akazungusha kinyume.

Mlango ukafunguka.

Aliyetoka hakuwa Bubu.

Shati la kijivu. Bega la kushoto limeinama... Baba yake, akija kinyumenyume, hadi mgongo ukajaza kitambaa chote. Chini ukumbini viti vikalia. Kriii... kriii...

Shingo ikaanza kugeuka, polepole mno. Alitaka uso. Uso tu. Akiendelea kuzungusha, utampita. Akiacha, mkanda utaungua.

Akaacha.

Shingo ikaendelea kugeuka yenyewe. Sikio. Shavu. Pembe ya jicho... kisha doa la kahawia likatokea, likatanuka, likala shavu lote.

Ukumbi ukaangua kicheko.

Viti vilikuwa vitupu.

Akamwagia moto ndoo ya mchanga, akafunga chumba kwa kufuli, akashuka.

"Uko wapi mkanda?"

"Umeungua."

Shangazi akamshika mkono. "Haidhuru, mwanangu. Angalau mmecheka."

"Sikucheka, shangazi."

"Nimewasikia wawili. Kicheko cha kaka yangu nitakisahau?"

Kisha shangazi akamwachia mkono. Akatazama juu.

Nyuma ya kufuli, mpini ulikuwa unazunguka.