Kengele ya Dume la Sayi

Rafiki yangu Zengo wa Nkololo, anayejisifu kwamba hata simba humwamkia, alijitolea kwa askari wa wanyamapori ili amtafute mdogo wake Sayi, aliyepotelea porini na dume lao jeusi la ng'ombe. Jioni moja wakikata mitego ya majangili, akakuta kengele ya lile dume imening'inia kwenye waya. Akaijaza nyasi kavu isilie, akaitia kwenye begi.

Wakati wa kurudi giza likawa zito kama ugali wa mtama. Kengele ikalia.

"Zengo, unawaita simba wakuamkie?" akanong'ona afande Ernestina, mkuu wa doria.

"Nimeiziba, afande!"

Ikalia tena, mgongoni kwake, polepole, kama ng'ombe anayekula. Zengo akafungua begi, akaingiza mkono ndani ya kengele. Nyasi zilikuwa zimetafunwa, bado zina mate ya moto.